Pelikile na dijitali: kwa nini ninatembea na apareyi mbili

Leo siandiki juu ya mapigano, wala bei ya maharagi, wala daraja lililobebwa na maji. Wengi wenu mmeniuliza njiani, na wengine mmenicheka, kwa nini mtu mwenye simu na apareyi ya kisasa bado anabeba ile nyingine ya chuma, nzito, ambayo haionyeshi picha. Swali ni la haki. Nitalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalowahusu, hasa ninyi mlioacha foto zenu nyumbani.

Kwanza mjue kwamba foto si kazi yangu. Kazi yangu ni habari, na foto ninazotuma pamoja na habari ni chache, tena za simu. Hizi nyingine ni za kujifurahisha tu, kama vile mwenzangu mmoja anavyofuga sungura, na mwingine hawezi kulala bila kusikia matokeo ya mpira wa Ulaya. Watu wa mbali wanadhani kwetu hakuna mtu wa kujifurahisha. Mimi naona kinyume. Mtu aliyekimbia mara nne tangu utoto anahitaji kitu kimoja anachokifanya kwa sababu anakipenda, bila mkubwa yeyote kumwamuru.

Ile ya chuma ni Pentax K1000. Ilikuwa ya mjomba wangu, aliyepiga foto za ndoa na za komunio upande wa Nyabiondo, wakati pelikile ilipatikana katika kila duka la foto la Goma. Aina hii ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, na uzuri wake kwetu ni mmoja mkubwa: haihitaji umeme. Kibetri kilichomo, kidogo kama kifungo cha shati, ni cha kupima mwanga peke yake. Kikifa, unakisia mwanga kwa macho, unabonyeza, na kazi inaendelea. Simu ikizimika porini unatafuta mwenye paneli ya jua, unalipa mafranga, unakaa mlangoni kwake hadi jioni ukiilinda isibebwe. Ile ya mjomba haijanikalisha mlangoni kwa mtu hata siku moja.

Ya pili ni Canon ndogo ya dijitali, numeriki kama tunavyosema hapa, niliyoinunua Goma ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Roli moja ya pelikile ina foto 36, wakati mwingine 24. Zikiisha, zimeisha. Kila ukibonyeza umetumia mali: ya roli, ya kuisafisha, ya kuitoa kwenye karatasi. Kwa hiyo unangoja. Asubuhi, kati ya Lushebere na Masisi-centre, ukungu unalala katika mabonde kama maziwa ndani ya kibuyu, na vilima vinatokea juu yake kimoja kimoja. Nikiwa na simu ningepiga foto ishirini na kuendelea na safari. Nikiwa na Pentax ninakaa juu ya jiwe. Ninangoja ng'ombe ageuze kichwa, ninangoja ukungu uteremke kidogo, ninangoja kijana wa chukudu afike kwenye kona. Mara nyingine nusu saa inapita, na mwishowe sibonyezi. Naondoka bila foto, na nimefurahi, kwa sababu nimekiangalia kile kilima kuliko siku zote nilizokipita. Simu haijanipa raha hiyo, ijapokuwa macho ni yale yale.

Halafu kuna kungoja kwingine, kule kwa majuma na miezi, kabla ya kujua kama foto imetoka. Mnaoishi na watoto wa siku hizi mnaelewa kwamba kitu hiki kimepotea duniani. Roli inaporudi umekwisha kusahau nusu ya uliyopiga. Unakuta kuku, unakuta kaka yako akifunga kamba ya kiatu, unakuta mvua.

Na kwa kuwa nimetaja ng'ombe, wafugaji wa Masisi mtapenda kusikia hili. Katika pelikile, chembe za madini ya fedha ndizo zinazoshika mwanga, nazo zimelala ndani ya jelatini. Jelatini hiyo inatoka katika mifupa na ngozi za ng'ombe. Miaka ya 1920 wataalamu wa Kodak, huko Marekani, walitafuta sababu ya jelatini moja kushika mwanga vizuri na nyingine kuwa mvivu, wakakuta kwamba inategemea kile ng'ombe alichokula. Ng'ombe waliokula haradali waliacha salfa kidogo katika jelatini, na salfa hiyo ndiyo iliyoamsha pelikile. Niliwasimulia wachungaji wawili karibu na Mushaki. Mmoja akaniambia: “Basi, yaya, wangekuja kununua mifupa hapa. Nyasi gani zinashinda za Masisi?” Sikuwa na neno la kumpinga.

Lakini msidhani ninaidharau dijitali. Apareyi ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi wa Kodak, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilipiga foto zisizo na rangi, na kila foto ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Leo simu ya bei ndogo kabisa sokoni Mubi inafanya hivyo kabla hujafumba jicho. Na Kodak yenyewe, iliyomzaa mtoto huyo, ilielemewa na madeni hadi ikakimbilia ulinzi wa mahakama Januari 2012.

Walikale ndipo nilipojifunza kuipenda. Ukiacha nyasi za Masisi, ukapita Nyabiondo na Kashebere, unashuka katika msitu na mwanga unaisha. Saa sita mchana chini ya miti ni kama saa kumi na mbili jioni. Pelikile ya 100 ao 200, ambayo ndiyo inapatikana, haioni kitu pale. Itakupasa uegemeze apareyi kwenye mti na kumwambia mtu asipumue. Canon naipandisha hadi 3200. Picha inakuwa na chembechembe kama unga wa muhogo, lakini uso wa mama aliye jikoni unasomeka, na moshi unaonekana ukipita kwenye majani ya paa.

Tena kuna watoto. Mtoto wa Njingala ukimpiga foto na Pentax anazunguka nyuma ya apareyi kuitafuta picha, anakuta chuma tupu, na anakuangalia kama mwizi. Ukimpiga na dijitali anajiona papo hapo, anacheka hadi anaanguka chini, anaita wenzake kumi. Foto ya pili, ile ya kicheko, ndiyo nzuri kila mara.

Walikale ina adui wake, unyevu. Lenzi ikikaa majuma machache ndani ya begi, kuvu inaota juu ya kioo kama utando wa buibui, na ikishika sana haitoki tena. Mimi naweka apareyi zangu katika kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye kifuniko kinachobana, pamoja na mkaa ulioanikwa juani na kufungwa ndani ya kitambaa. Wengine wanatumia mchele mkavu. Mchele ni chakula, mkaa hauliwi, basi mimi natumia mkaa.

Kuna wazo linalonijia kila nikiishika ile ya dijitali. Ndani ya vyombo vya umeme vya siku hizi kuna vipande vidogo vinavyotunza umeme, vilivyotengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika koltani. Vipande vinaunganishwa kwa bati, na bati inatoka katika kasiteriti. Rubaya, hapa Masisi, inahesabiwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Bisie, kule Walikale, kuna mgodi mkubwa wa bati wa kampuni ya Alphamin, ule uliosimamisha kazi Machi 2025 wakati M23 waliposogea hadi Walikale-centre, na kuianza tena Aprili. Sisemi kwamba madini yaliyo ndani ya Canon yangu yalitoka kwetu. Hakuna awezaye kuyafuata hadi huko. Lakini inawezekana, na kuwaza hivyo kunanifanya niishike taratibu. Kijana mmoja aliyekuwa akichimba Rubaya aliniomba aishike naye. Akaigeuza, akaipima mkononi, akasema: “Ni nyepesi. Sisi tulikuwa tunabeba gunia.” Akanirudishia bila kuomba apigwe foto.

Sasa nirudi kwa pelikile, maana bado sijasema sehemu ninayoipenda zaidi, nayo ni kusafisha. Ya rangi inahitaji masini, kwa hiyo nilikuwa naituma Goma, na wakati mwingine Kampala kwa mkono wa msafiri. Tangu vita ilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, njia hiyo imekuwa ngumu. Ile isiyo na rangi naisafisha mwenyewe. Unahitaji giza kabisa kwa dakika chache, ili kuihamishia pelikile ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Baadaye unaweza kuwasha taa na kumimina dawa: ya kutoa picha, halafu maji, halafu dawa ya kukaza ili picha isifutike, halafu maji mengi. Dawa ya kutoa picha inataka joto la nyuzi 20 hivi. Maji ya Masisi usiku yanakaribia hapo bila kazi. Walikale ni lazima uamke alfajiri sana, na hata hivyo yanakuwa moto.

Dawa ikikosekana kuna kahawa. Sitanii. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka, ikichanganywa na soda ya kufulia nguo inatoa picha kwenye pelikile. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ili iende haraka. Nimeifanya. Inanuka vibaya kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka kwenye bakuli, na mama watoto amenihamishia katika kibanda cha mbuzi. Dawa ya kukaza bado unainunua, kahawa haiwezi hilo. Lakini kuvuta ule utepe kutoka kopo, maji yakitiririka, ukauinua kwenye mwanga wa mlango na kumwona bibi arusi ana gauni jeusi na meno meusi, na nyuma yake vilima vimegeuka usiku, hiyo naipenda kupita nilivyoipenda mara ya kwanza.

Wa umri wangu mnakumbuka zile foto za ndoa ambamo bwana arusi hana uso, ana shati na meno tu. Haikuwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi maabara za foto duniani zilipima rangi kwa kadi yenye foto ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, masini ilihesabiwa kuwa sawa, na ngozi zetu hazikuwa kwenye kipimo. Mjomba hakujua habari ya Shirley, lakini dawa yake aliijua. Hakupima mwanga wa gauni, alipima wa shavu la bwana arusi. Na aliwasimamisha watu kando ya ukuta uliopakwa chokaa, ili mwanga upige ukuta na kurudi usoni. Jaribuni hata na simu: gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kubonyeza, usiguse anga. Utaona tofauti.

Mtu asikwambie kwamba kujifurahisha hakuzai kitu. Jean Depara, aliyezaliwa Angola na kuishi Kinshasa, alinunua apareyi ndogo ya Adox mwaka 1950 ili ndoa yake mwenyewe isipotee. Akaendelea tu, akawa mpiga foto wa Franco na wa usiku wa Kinshasa. Na karibu nasi, Pamela Tulizo, binti wa Goma, alipata tuzo ya Dior ya wapiga foto vijana mwaka 2020, kwa foto zinazoonyesha wanawake wa kwetu jinsi wanavyojiona wenyewe, si jinsi magazeti ya mbali yanavyowaonyesha.

Hapo kuna neno. Masisi imepigwa foto nyingi, lakini nyingi zilipigwa na wageni waliokuja kwa ajili ya bunduki na shitingi. Mmoja wao alifanya ajabu ambalo bado linanigawanya. Richard Mosse, mtu wa Ireland, alikuja Kivu tangu 2010 na pelikile iitwayo Aerochrome, ambayo Kodak ilikuwa imekwisha kuacha kuitengeneza. Pelikile hiyo ilikuwa ya kijeshi. Inashika mwanga ambao jicho halioni, mwanga ambao majani mabichi yanaurudisha kwa wingi, na inauandika kwa rangi nyekundu ao ya waridi. Kwa hiyo askari aliyejificha chini ya kitambaa kilichopakwa kijani anaonekana mara moja, kwa kuwa kitambaa si jani. Mosse alipiga vilima vyetu na wapiganaji wetu, na vyote vikatoka vya waridi. Mwaka 2013 kazi yake, The Enclave, ilionyeshwa Venice kwa jina la Ireland.

Ninazipenda zile foto? Nusu. Kama mpiga foto wa kujifurahisha, ninamwonea wivu kwa pelikile ile. Kama mtu wa hapa, ninaona kwamba dunia ilihitaji tupakwe waridi ndipo ituangalie. Nilimwonyesha muzee mmoja mfugaji moja ya foto hizo kwenye simu. Aliiangalia muda mrefu, akauliza: “Sasa hapa ng'ombe watakula nini?”

Vijana mnaotaka kuanza, sikieni kwanza habari ya hatari. Usipige foto ya mtu mwenye silaha wa upande wowote, wala barieri, wala daraja, wala shimo la madini, hata kama mwanga ni mzuri namna gani. Omba ruhusa kwa mdomo, na mtu akikataa umshukuru. Kabla ya safari, toa katika simu foto zote za watu, hata za ndoa, kwa sababu nyuma ya bibi arusi anaweza kuwa amesimama mtu ambaye wengine wanamtafuta, nawe huna habari. Pelikile haina hatari hiyo, hakuna awezaye kuisoma njiani. Ina hatari nyingine: kisichosomeka kinaleta mashaka. Kwenye barieri moja, ambayo siitaji wala wenye nayo, niliamriwa kufungua mgongo wa Pentax. Mwanga uliingia na roli nzima ikafa. Yalikuwamo mazishi ya muzee mmoja na mavuno ya viazi. Familia ya yule muzee bado inaniuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulipokimbia nilibeba nguo, kopo la apareyi, na mfuko mmoja wa sukari wenye negatifu, zangu na za mjomba. Negatifu ni nyepesi, foto mia kadhaa hazifikii uzito wa kilo ya unga. Kile kisanduku cha kompyuta chenye foto za dijitali za miaka yote kilibaki, na kiliporwa pamoja na redio na godoro. Mwizi anajua bei ya kisanduku. Negatifu hakuna anayeitaka. Lakini niseme haki: foto za dijitali nilizokuwa nimezituma kwa watu kwa WhatsApp nimezipata tena, moja Uvira, tatu Kampala, nyingine kwa dada aliye Marekani. Zile nilizozificha peke yangu zimekwenda. Zile nilizowagawia watu ndizo zilizorudi.

Mwaka 2024 nilikuwa nakwenda Bulengo, kandokando ya Goma, ambako watu wengi wa Masisi waliishi chini ya shitingi. Mama mmoja alinitambua. Hakuniuliza habari za vita. Aliniuliza: “Kaka, si wewe uliyetupiga foto siku ya ubatizo?” Ilikuwa Pasaka ya 2021. Mtoto wake wa kike alibatizwa siku ile, na alikufa kwa homa walipokuwa njiani wakikimbia. Simu iliyokuwa na foto za mtoto waliiuza ili wale. Akaniambia kwamba anaanza kuusahau uso wake usiku, na mchana anaogopa kulala.

Nilitafuta katika mfuko wa sukari kwa siku mbili. Niliipata roli ya Pasaka. Watoto wamesimama mbele ya kanisa kwa mistari mitatu, na yule mtoto yuko katika wa tatu, uso wake si mkubwa kuliko punje ya mchele. Sikuwa na masini ya kutoa foto. Basi nililaza negatifu juu ya kioo cha simu kinachotoa mwanga mweupe, nikaipiga foto na Canon kwa karibu sana, halafu nikageuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi kwa programu ya simu. Nikamsogeza yule mtoto peke yake. Akatokea. Amefumba jicho moja kwa sababu ya jua, na nywele zake zimesukwa upya. Pelikile ilikuwa imemshika miaka mitatu, na dijitali ndiyo iliyomtoa. Tangu siku ile, mtu akiniuliza ni ipi iliyo bora kati ya hizi mbili, namwona kama mtu anayeuliza ni mguu gani ulio bora.

Foto ya karatasi ilitoka Goma katikati ya Januari 2025. Kabla sijampelekea, mapigano yalifika mjini. Mwezi wa pili kambi zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Bulengo niliyemwacha sikumkuta. Wengine waliniambia alielekea Sake, wengine Minova. Foto iko kwangu, ndani ya bahasha, katika kopo lenye mkaa.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia. Wengi wenu mnayo foto moja ao mbili za karatasi mlizokimbia nazo, zimekunjwa ndani ya kikwembe ao ndani ya kadi ya mchaguzi. Maji yakizifikia zitakwisha. Zipigeni foto kwa simu, sasa, wakati bado zinaonekana. Fanyeni hivi: wekeni foto juu ya kitu bapa, nje, kwenye kivuli, si juani. Zimeni flashi, maana itaacha doa jeupe. Simu iwe juu yake sawasawa, isiinamie upande. Ikiwa foto imefungwa kwenye kioo cha fremu na imeshikamana, msiivute, itaacha uso kwenye kioo. Ipigeni hivyo hivyo, mkisimama pembeni kidogo hadi mng'ao uondoke. Nyuma ya foto mara nyingi kuna maandishi ya koko ao ya mpiga foto. Pigeni na upande huo. Halafu tumeni kwa watu watatu wanaokaa miji mitatu mbalimbali, na muwaambie wasifute.

Foto iliyolowa msiibandue kwa kucha wala kuianika juani. Ilazeni ndani ya maji safi ya baridi, ingojeni ijiachie yenyewe, kisha ianikeni kivulini, uso ukiangalia juu. Hii ni kwa foto za zamani za maabara. Zile zilizotoka kwenye masini ndogo ya wino zinaogopa maji, hizo ziacheni zikauke tu.

Asiye na simu, ao simu yake haipigi vizuri, anikute nitakapopita sokoni kwenu. Ninapiga bila malipo, na sihitaji kujua mnatoka upande gani.

Na hizi ndizo negatifu zilizomo katika mfuko wa sukari, kwa wale zinaowahusu: ndoa na komunio za upande wa Nyabiondo, za mjomba, tangu 1984 hadi 1993, darasa la sita la masomo mawili ya Lushebere, 2018, soko la Kashebere siku ya mvua kubwa, 2019, wachezaji wa mpira wa Njingala, 2020, timu mbili, wote kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, ubatizo wa Pasaka, 2021. Mama wa Bulengo, ukisomewa habari hii, ama jirani yako akiisikia, foto imetoka vizuri. Mtoto anaonekana hadi shingoni, na ule ushanga wake.